Oksijeni, Mionzi na Damu: Safari Ndefu ya Mgonjwa wa Saratani wa Meru

Anayeupanda Mlima Meru kutoka lango la Momella huanza kuuona upungufu wa hewa mapema. Kibanda cha Miriakamba kipo kwenye mita 2,500 na ushei, cha Saddle kimepita mita 3,500, na kule kileleni, zaidi ya mita 4,560 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umebaki zaidi kidogo ya nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Hata jiji la Arusha lenyewe, lililokaa kwenye mita 1,400 hivi, lina kama asilimia 85 tu ya mgandamizo wa pwani. Mkazi wa Kaloleni au Sakina halijui hilo kwa sababu mwili wake umeshazoea. Mgeni aliyefika juzi kwa ndege hajazoea, na akizidiwa huko juu hali hugeuka haraka: kichwa kinagonga, miguu inapepesuka, pumzi inakata.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya kampuni zinazopandisha wageni kwenye milima ya kaskazini hubeba mfuko mrefu wa nailoni wenye zipu na kidirisha cha plastiki. Mgonjwa hulazwa ndani, zipu ikafungwa, kisha msaidizi akaanza kukanyaga pampu. Mfuko unavimba na kukaza, mgandamizo unapanda, na baada ya muda mwili wa yule aliyelala humo unakuwa katika hali ya mtu aliyeteremshwa mita 1,500 au zaidi, ilhali bado yupo palepale mawe yalipo. Pampu haipumzishwi, maana hewa safi lazima iendelee kuingia ili ile aliyokwisha kuitoa isimrudie. Mfuko huo ulibuniwa na Igor Gamow wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, miaka ya 1980. Hautibu kitu; unampa mgonjwa nafuu mpaka ashushwe mlimani kwa miguu ya wapagazi.

Kanuni inayoufanya mfuko huo ufanye kazi ilikwisha kuingizwa hospitalini miaka 30 kabla, kwa ugonjwa ambao hauna uhusiano wowote na milima. Nasimulia historia hiyo hapa kwa sababu matangazo ya chemba za oksijeni sasa yanafika kwenye simu za watu wa Arusha kama yanavyofika kwingine, na ndugu wa mgonjwa wa saratani anayeyaona ana haki ya kujua wataalamu wa tiba wamesema nini juu ya chemba hizo tangu mwanzo. Wamesema mambo mengi, na wamebadilika. Katika miaka 70 hiyo, mgonjwa aliyetoka kwenye miteremko ya Meru alihitaji oksijeni kweli kweli, lakini mara nyingi aliihitaji kwa njia nyingine kabisa.

Mwaka 1953, Louis Harold Gray na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha matokeo yaliyogeuza fikra za waganga wa mionzi. Chembe hai iliyojaa oksijeni huuawa na mionzi kwa urahisi. Iliyokosa oksijeni huhitaji dozi inayokaribia mara tatu ili ife. Miaka miwili baadaye, Gray na R. H. Thomlinson walichunguza uvimbe wa saratani ya mapafu chini ya hadubini na kuona kwamba uvimbe hukua upesi kuliko mishipa yake ya damu. Chembe zilizo mbali na mshipa, hata kwa umbali usiozidi sehemu mbili za kumi za milimita, hubaki zinakosa hewa. Katikati kabisa zimeshakufa. Lakini baina ya zile zilizokufa na zile zinazostawi kuna tabaka la chembe zilizo hai, zenye njaa ya oksijeni, na hizo ndizo zinazonusurika mionzi na kuuotesha uvimbe upya.

Ukishajua hivyo, hatua inayofuata inajileta yenyewe: mjaze mgonjwa oksijeni, kisha mpige mionzi. Ian Churchill-Davidson wa hospitali ya St Thomas', London, alifanya hivyo na kuchapisha taarifa yake ya kwanza mwaka 1955. Mgonjwa aliingizwa ndani ya chombo kirefu cha chuma, ndiyo chemba yenyewe, akafungiwa, na oksijeni tupu ikashindiliwa mpaka kufikia mgandamizo mara tatu ya wa kawaida. Kwa kuwa mgandamizo huo ungeweza kumpasua ngoma za masikio, ngoma zilitobolewa mapema. Na kwa kuwa oksijeni nyingi kiasi hicho huweza kumtia mtu kifafa cha ghafla, alilazwa usingizi wa dawa. Mionzi ilielekezwa kwake kupitia dirisha la chombo. Kulikuwa na woga wa moto pia, kwani ndani ya oksijeni tupu cheche ndogo tu hutosha. Mwaka 1997 moto ulizuka ndani ya chemba ya hospitali moja mjini Milan, Italia, ukaua watu 11, na mpaka leo mafundi wa chemba hukagua nguo, mafuta ya nywele na simu za wagonjwa kabla mlango haujafungwa.

Wakati Churchill-Davidson akifanya hayo, Wameru walikuwa bado na kidonda cha Engare Nanyuki, walikofukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1951 ili wapewe walowezi. Kirilo Japhet alilipeleka shauri lao mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mgonjwa wa saratani wa vijiji hivyohivyo hakuwa na pa kulipeleka lake. Kulikuwa na hospitali ya misheni Nkoaranga, kulikuwa na waganga wa jadi, na palipowezekana kulikuwa na kisu cha daktari wa upasuaji. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani haikuwapo Tanganyika nzima.

Hata hivyo Afrika Mashariki ilikuwa inaingia kwenye vitabu vya saratani kwa mlango wake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Kiafrika. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari kuukuu walilolinunua kwa pauni 250 na kuzunguka hospitali kwa hospitali hadi Afrika Kusini kwa wiki kumi, wakiuliza kila mahali kama uvimbe ule unaonekana. Ramani waliyoipata ilikuwa na mpaka wa ajabu: karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka ukishapanda mita 1,500 hivi. Miteremko ya juu ya milima kama Meru ilikuwa nje ya ukanda huo.

Ingekuwa rahisi kusema hewa nyembamba ya milimani ndiyo inayowakinga watoto. Burkitt hakusema hivyo. Aliona kwamba kadiri unavyokwenda kusini, mpaka ule unashuka chini, na akaelewa kuwa kinachotawala ni joto na mvua, si hewa. Joto na mvua ndivyo vinavyolea mbu, na malaria ikaja kutambuliwa kuwa mshirika wa ugonjwa huo pamoja na kirusi walichokigundua Epstein, Achong na Barr mwaka 1964. Napenda kukitaja kisa hiki kwa kila anayeniambia kwamba saratani ni ukosefu wa oksijeni tu. Mtu mwenye haraka angeitazama ramani ile akaanza kuuza tiba ya mwinuko.

Huko Ulaya majaribio ya chemba yaliendelea kwa miaka 20. Cardiff, Wales, J. M. Henk na wenzake walipata matokeo mazuri kwa saratani za kichwa na shingo, wakayachapisha miaka ya 1970. Barani kwetu, hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town nayo ilijaribu chemba pamoja na dawa za kuamsha usikivu wa uvimbe kwa mionzi. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, jaribio la vituo vinne vya Uingereza lililochapishwa mwaka 1978 lilionyesha kwamba uvimbe ulidhibitiwa vizuri zaidi kwa waliotibiwa ndani ya chemba, hasa wanawake wenye umri wa chini ya miaka 55 ambao ugonjwa wao ulikuwa umefikia hatua ya tatu. Lakini madhara ya mionzi kwenye utumbo nayo yaliongezeka, na jaribio la baadaye halikuiona faida ile.

Mwishowe waganga wa mionzi waliiweka chemba kando, na walikuwa na sababu. Kumpanga mgonjwa ndani ya chombo kilichofungwa huku ukilenga mionzi kwa usahihi ni kazi ya saa nzima kwa kila mtu, ilhali foleni nje haiishi. Dozi zilibidi ziwe chache na kubwa, ndiyo maana baadhi ya faida iliyoonekana pengine ilitokana na mpangilio huo wa dozi kuliko oksijeni yenyewe. Kulikuwa na kifafa, kulikuwa na masikio, kulikuwa na wale wasioweza kabisa kufungiwa. Kisha zikaja dawa za kufanya kazi ya oksijeni ndani ya uvimbe. Mwaka 1976 madaktari wa Kanada walichapisha jaribio la mionzi ya ubongo pamoja na metronidazole, dawa ileile inayouzwa Arusha kwenye kila duka la dawa kwa jina la Flagyl, kwa dozi kubwa mno. Ndugu yake, nimorazole, ilithibitika Denmark kusaidia kwenye saratani za koo na ikawa sehemu ya matibabu ya kawaida huko. Kidonge kilishinda chuma.

Turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilianza kutoa tiba ya mionzi. Kwa mtu wa Arusha hiyo ilikuwa karibu: mpaka wa Namanga upo kama kilomita 110 tu, na Nairobi haifiki 300. Tena Arusha ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967. Februari 1977, Jumuiya ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983, yalipofikiwa makubaliano ya kugawana mali, na makubaliano hayo yalifanyika Arusha penyewe. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1980, Tanzania ilianza tiba ya mionzi katika hospitali ya Ocean Road, majengo ya Kijerumani ya miaka ya 1890 yaliyo ukingoni mwa bahari ya Dar es Salaam. Mwaka 1996 Bunge likaifanya Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Sasa mwanamke wa Akeri au Ngaramtoni alikuwa na pa kwenda, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani. Mionzi ya mlango wa kizazi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Mtu aliyewahi kumsindikiza mgonjwa Dar es Salaam anaijua hesabu yake: nauli ya wawili, chumba au sakafu ya ndugu wa mbali, chakula, shamba lililobaki bila mtu, watoto walioachwa kwa bibi. Wengi walifika wamechelewa, na mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyechelewa hufika akiwa ametokwa na damu kwa miezi.

Hapo ndipo kazi ya Gray inapomhusu mwanamke huyo moja kwa moja. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 12 kwa kila desilita ya damu hubeba mara mbili ya mwenye gramu 6, na uvimbe wa mwenye gramu 6 unazidi kukosa hewa, unazidi kuwa mkaidi kwa mionzi. Mwaka 1960, Ite Boerema wa Amsterdam aliwaondoa nguruwe karibu hemoglobini yao yote, akawaweka katika oksijeni ya mgandamizo mara tatu, nao wakaishi, kwa sababu oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu ilitosha. Chemba ilisimama badala ya damu. Kwetu, kwa mgonjwa aliyepungukiwa, chupa ya damu ndiyo inayosimama badala ya chemba. Madaktari wa Toronto na London waliokusanya takwimu za miaka ya 1970 na 1980 waliona kuwa wanawake waliofika kwenye mionzi wakiwa na upungufu mkubwa wa damu walifanya vibaya, na walioongezewa walielekea kufanya vizuri zaidi. Baadaye wataalamu walitahadhari: upungufu wa damu mara nyingine ni alama tu ya ugonjwa uliokwisha kwenda mbali, na sindano za kuchochea mwili kutengeneza damu zilipojaribiwa kwenye saratani za kichwa na shingo mwaka 2003, ziliwadhuru baadhi. Hata hivyo hakuna mganga wa mionzi atakayemwanzishia tiba mwanamke mwenye gramu 6 bila kushughulikia damu yake kwanza. Ndugu wanaoambiwa wodini watafute watu wa kuchangia hawaelezwi mara zote kwamba damu ile inaenda kuufanya mwali wa mionzi uume vizuri zaidi. Waelezwe. Wanaotoa damu wakijua inafanya nini watakuja wengi zaidi.

Chemba nayo haikufa, ilibadili kazi. Robert Marx, daktari wa upasuaji wa taya huko Marekani, alieleza miaka ya 1980 kwamba mfupa uliopigwa mionzi hupoteza mishipa yake midogo polepole, kwa miaka, mpaka siku jino linapong'olewa kidonda kinakataa kupona na taya linaanza kuoza. Alipendekeza vipindi 20 vya chemba kabla ya kung'oa na 10 baada yake, kila kimoja cha dakika 90. Kuanzia hapo wagonjwa waliopelekwa kwenye chemba walikuwa ni wale waliokwisha kupona saratani na kubaki na madhara ya mionzi: taya, kibofu kinachovuja damu, utumbo mpana uliojeruhiwa. Mkutano wa wataalamu wa Ulaya uliofanyika Lille, Ufaransa, mwaka 2016 uliyaunga mkono matumizi hayo.

Ndipo yalipokuja majaribio makubwa, na wataalamu wakagawanyika. Mwaka 2016 jaribio la Uingereza kwa wenye madhara sugu ya utumbo baada ya mionzi ya nyonga halikuona tofauti kati ya chemba ya kweli na ya kuigiza. Mwaka 2019 jaribio jingine la Uingereza lilionyesha kuwa vipindi vya Marx havikuongeza kinga kwa wanaong'olewa meno. Mwaka huohuo, jaribio la nchi za kaskazini mwa Ulaya lilionyesha kwamba wenye kibofu kilichojeruhiwa na mionzi walipata nafuu iliyo wazi. Jaribio la Uholanzi kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti lilionyesha kuwa chemba hupunguza maumivu, lakini kati ya waliopewa nafasi ya kuingia chemba, robo tu ndio waliokubali na kumaliza. Wengine walisema ni kazi nzito mno, kwenda kila siku kwa wiki kadhaa. Nchi ya reli na baiskeli, hospitali zimekaribiana, bado robo tatu waliona safari ni ndefu. Daktari wa Arusha anayesoma matokeo hayo hawezi kuacha kufikiria basi la alfajiri la kwenda Dar.

Kwenye ukanda wetu chemba zilifuata bahari. Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, ipo chemba kwa ajili ya wazamiaji wanaopanda juu haraka kupita kiasi. Mombasa wanamaji wa Kenya nao wana yao. Kwa mzamiaji mwenye mapovu ya hewa kwenye damu, hakuna tiba nyingine inayolingana nayo, na hilo halina ubishi popote.

Penye ubishi ni pale chemba inapouzwa kama dawa ya saratani yenyewe. Wauzaji humtaja Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, kwa kuwa alionyesha kwamba chembe za saratani huchoma sukari kwa njia ya ajabu. Warburg aliamini hitilafu katika kupumua kwa chembe ndiyo chanzo cha saratani. Sayansi iliyofuata imekubali alichokiona na kukikataa alichokihitimisha. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kwamba chemba haijathibitishwa kutibu saratani. Wataalamu wa chemba wenyewe walishapekua tafiti za miongo mingi kujibu hofu ya upande wa pili, kwamba oksijeni nyingi ingeulisha uvimbe, na hawakuona ushahidi wa hilo. Kwa maneno mengine, oksijeni peke yake haiuoteshi uvimbe na haiuui.

Mkoa wa Arusha unajua vizuri kishindo cha ahadi kubwa. Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipita Mto wa Mbu na Engaruka, wakakata jangwa la Natron kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila aliyetoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda wenye kisukari, wenye virusi vya Ukimwi, wenye saratani. Wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Mzee Mwasapila alifariki Julai 2021. Sitaki kuwabeza waliokwenda. Mtu aliyeambiwa kuwa mashine ipo kilomita 600 na foleni ni ya miezi, halafu akasikia kuna kikombe cha shilingi 500 ndani ya mkoa wake, alipima alichokuwa nacho. Lililoumiza ni muda: kwa mwenye uvimbe unaokua, mwezi mmoja wa kusubiri muujiza unaweza kuuhamisha ugonjwa kutoka hatua inayotibika hadi isiyotibika. Hofu hiyohiyo ndiyo niliyo nayo juu ya chemba inayouzwa bila mionzi wala dawa.

Kuna oksijeni moja zaidi katika historia hii, nayo ni ya mtungi. Huduma ya tiba shufaa ya hospitali ya Kilutheri ya Selian, Ngaramtoni, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini, ikiwafuata wagonjwa majumbani. Ndugu wakimwona mgonjwa wa saratani anahema kwa shida, ombi la kwanza huwa ni mtungi wa oksijeni. Familia nyingine ziko tayari kuuza mbuzi kwa ajili hiyo. Mwaka 2010 Amy Abernethy na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 239 katika nchi tatu, wote wakiwa wanahema sana lakini kiwango cha oksijeni katika damu yao hakijashuka sana. Nusu walipewa oksijeni kwa mrija wa puani, nusu hewa ya kawaida kwa mrija uleule. Nafuu ilikuwa sawa. Kilichosaidia ni upepo puani. Mgonjwa ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni imeshuka kweli, huyo apewe mtungi. Asiyepungukiwa hunufaika zaidi na mofini ya maji kwa dozi ndogo, kukalishwa wima, dirisha kufunguliwa, feni au hata ukurasa wa gazeti kupepewa usoni. Muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa huyafanya hayo yote ndani ya nusu saa, na mbuzi anabaki zizini.

Mambo mengine yamesogea karibu. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia kanda yote ya kaskazini, ilifungua kituo chake cha saratani mwishoni mwa 2016, na dawa za kemikali zikawa mwendo wa saa mbili kutoka Arusha. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ikaanza mionzi. Ocean Road ikapata mashine za kisasa mwaka 2018, mwaka uleule chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, baada ya kujaribiwa kwanza mkoani Kilimanjaro. Msichana wa Tengeru aliyechanjwa mwaka huo ni mwanamke mzima sasa.

Bado lipo suala la mataya. Maji ya mito na chemchemi nyingi zinazotoka Meru yana floridi nyingi kutokana na mawe ya volkano. Ndiyo maana wizara ya maji iliweka kituo cha utafiti Ngurdoto, ambako floridi huchujwa kwa mkaa wa mifupa. Watu waliokulia kwenye maji hayo hutambulika kwa meno yenye madoa ya kahawia, na mengine hubanjuka mapema. Mtu wa namna hiyo akipata saratani ya kinywa au koo na kupangiwa mionzi, tezi za mate zitakauka, meno yataharibika zaidi, na jino bovu litakalong'olewa baada ya mionzi linaweza kuwa ndilo mwanzo wa mfupa unaokataa kupona, ule ambao Marx aliutafutia chemba. Kwa hiyo kabla hajapanda basi la kwenda kwenye mionzi, daktari anayeandika rufaa Arusha ampeleke kwa daktari wa meno. Meno yasiyookoka yang'olewe hapo hapo, wiki mbili mpaka tatu kabla ya mionzi kuanza ili fizi zifunge, na yaliyobaki yasafishwe na kuwekewa dawa ya kuyalinda. Kazi hiyo inahitaji kiti, koleo, sindano ya ganzi na mtu aliyefunzwa, na vyote hivyo vipo mjini.